Bango la Kumpokea Hajati

Ibtisam alikanyaga karatasi makusudi. Angeweza kupita ukutani, maana palikuwa na nafasi ya kumtosha yeye na tumbo lake la miezi saba, lakini aliweka kisigino palepale kwenye ukingo mweupe, akasimama.

“Ondoa mguu,” Rawya alisema bila kuinua kichwa.

“Mguu upi?”

“Huo wenye kisigino kama mkate wa juzi.”

“Napita kwenda jikoni, wifi. Au siku hizi na jikoni nako ni mali ya karatasi?”

Rawya alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule tangu asubuhi. Makochi ameyasukuma ukutani, zulia amelikunja, na karatasi ya mita tano imelala sakafuni, pembe zake zimegandamizwa kwa kinu, kopo la samli na viatu viwili vya Hamdi. Hamdi alikuwa mdogo wake Rawya na mume wa Ibtisam. Mama yao, Bi Dawlat, alikuwa Makka. Meli yake ingetia nanga Suez siku ya Alhamisi, na leo ilikuwa Jumapili.

“Hamdi anasema sokoni yuko fundi anaandika kwenye kitambaa,” Ibtisam akaendelea. “Nusu siku tu, kazi imekwisha. Kitambaa hakichaniki.”

“Hamdi hajasema hivyo. Hayo ni maneno yako umemvika Hamdi.”

“Mimi nasaidia tu.”

“Nyumba hii haijawahi kununua bango. Tunachora wenyewe. Nyinyi huko kwenu mnunue, kama mnajua kusoma yaliyoandikwa. Watu waliosimamisha treni wakaialika futari!”

Kichekesho hicho Misri nzima wanakijua: kwamba watu wa mkoa wa Sharqia walisimamisha treni jioni ya Ramadhani, wakawateremsha abiria wote wakawalisha. Wenyewe wa Sharqia hukisimulia kwa majivuno. Kinywani mwa Rawya kilikuwa tusi, na Ibtisam, binti wa Sharqia, alikuwa amekwisha kukisikia mara nyingi kuliko siku alizoishi katika nyumba ile.

“Tuliialika kwa sababu chakula kilikuwepo,” alisema. “Ingepita Suez mngechungulia dirishani na kufunga mlango.”

Akaondoa mguu. Ukingoni pakabaki alama ya kisigino, ya vumbi, na Rawya akaisugua kwa kipande cha mkate mpaka ikatoka. Akafyonya kwa nguvu ili asikike jikoni.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya wasichana, hajaolewa. Kuchora alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akiandika majina ya meli bandarini, kwa herufi ndefu kumshinda yeye mwenyewe. Familia iliporudi Suez baada ya vita na Israeli, wakaikuta nyumba ina ukuta mmoja na ngazi isiyoelekea popote, Hamdi alikuwa na miaka minane na hajatahiriwa. Baba akasema mtoto hatahiriwi kama mwizi. Akaomba karatasi mabaki kutoka kwa wachapaji, akachanganya unga wa rangi na gundi, akaongeza buluu ya kufulia nguo, akamwita Rawya ashike upande wa pili. Bango la kwanza lile liliziba tundu la bomu. Tangu hapo haikupita sherehe nyumbani mwao bila bango la karatasi, na baba alipofariki, brashi zikabaki kwa Rawya.

Mabango yao yalikuwa na watu. Sababu ni Bi Dawlat, ambaye hakujua kusoma. Maneno aliyaona kama mapambo tu, lakini watu aliwahesabu. “Huyu ni mimi, huyu Hamdi, huyu Mama Galal na ule mguu wake,” angesema, akiweka kidole juu ya kila mmoja, na asipomwona mtu anayemtaka alidai sababu. Kwa hiyo Rawya alipokuwa akichora, alijua mama atalisoma vipi bango lake.

Miaka ya vita ndiyo iliyomharibia Rawya moyo juu ya Sharqia. Alikuwa na miaka kumi na miwili walipohamishwa, yeye, mama yake na Hamdi mchanga mgongoni, wakapelekwa kijiji kimoja huko Sharqia, karibu na Zagazig. Baba alibaki Suez na wanaume waliokatazwa kuondoka bandarini. Kule kijijini watoto waliwaita “wahamishwa”, neno lililoandikwa kwenye kadi zao za mgao, wakalitamka kama mtu anavyotaja upele. Miaka saba aliishi na jina hilo. Na sasa, miaka yote hii baadaye, mama yake alikuwa amefunga safari mwenyewe mpaka kijiji kilekile, akabisha hodi nyumba ileile walimohifadhiwa, akamposea Hamdi mjukuu wa mwenye nyumba. Hakumwuliza Rawya. Alirudi na kikapu cha mikate ya samli na habari.

Jumatatu Rawya alimaliza maneno: *Hija yenye kukubaliwa na dhambi zilizosamehewa*. Jumanne alichora meli, bomba lake jekundu la moshi, na Kaaba upande wa kulia. Jumatano asubuhi akachora mlango wa nyumba na watu wanaopokea. Alimchora Hamdi na masharubu yake, akajichora yeye mwenyewe na bakuli la sharbati, akamchora Mama Galal wa ghorofa ya chini akiegemea fimbo. Akabaki na nafasi ya kiganja kimoja hivi. Alikaa akaitazama. Kisha akachovya brashi nyembamba akachora paka.

Ibtisam alikuja na sinia la kunde, akasimama nyuma yake. Safari hii hakukanyaga.

“Na mimi?”

“Nafasi imekwisha.”

“Paka amepata nafasi.”

“Paka ana miaka sita humu ndani.”

Rawya alizisikia pumzi za mwenzake zinapanda na kushuka. Alingoja tusi. Tusi halikuja, na hilo likamkera kuliko tusi lenyewe. Akaosha brashi, akavaa viatu, akaenda sokoni kutafuta uzi wa kutundikia na samaki wa mchana.

Aliporudi, alikuta Ibtisam ameketi kitako sakafuni, miguu ameitandaza, mikono ina buluu mpaka kwenye viwiko. Na bangoni, juu ya paka, amesimama mwanamke. Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Kichwa kama tikiti, miguu haina magoti, na tumbo limechomoza mbele likakaribia kugusa meli. Chini yake, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, jina: Ibtisam.

“Nimejisaidia mwenyewe,” Ibtisam alisema. “Nimeona umechoka.”

Rawya aliweka samaki chini. Alikwenda kwenye kabati, akatoa mkasi wa kushonea, akapiga magoti, akaanza kukata. Alikata kwa mkono uliotulia, kama anavyowafundisha wasichana wake darasani, akizunguka kichwa, akashuka begani, na alipofika tumboni mkasi ukakwama kwenye rangi mbichi, akaubana kwa nguvu ukapita katikati.

Ibtisam alipiga yowe.

“Umemkata! Umemkata mwanangu tumboni! Mungu akuone, umemkata mwanangu!”

“Ni karatasi.”

“Na huu mkasi ni karatasi? Mchawi we! Tasa we!”

Neno hilo lilimfika. Hakuwa tasa, hakuwa amejaribiwa hata kujulikana, na Ibtisam alilijua hilo, ndiyo maana alilichagua. Rawya aliinuka na mkasi mkononi. Hakuwa na nia nao, lakini Ibtisam hakujua. Aliliokota bakuli la buluu, akalimwaga lote. Meli ikazama. Buluu ikaenda ikafunika bomba jekundu, ikafunika masharubu ya Hamdi, ikaingia kwenye herufi za “zilizosamehewa”, ikatiririka mpaka kwenye vigae.

Kelele zilimleta Mama Galal kwa ngazi, akipumua kama mvukuto, na nyuma yake Hamdi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kazini kwenye kiwanda cha mafuta. Alitazama sakafu, akamtazama mkewe aliyejaa rangi kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, akamtazama dada yake.

“Nani kaanza?”

“Yeye,” wakasema wote wawili.

“Mama anafika kesho adhuhuri.” Aliokota kiatu chake kilicholowa buluu. “Mwezi mzima yuko juani, mtu wa miaka sabini, na nyinyi mnampokea hivi? Dada, wewe ni mtu mzima.”

“Na yeye ni mtoto? Mtoto anabeba mtoto?”

“Dada, huyu ni mke wangu.”

“Na hii ni nyumba ya baba yangu.”

“Yangu pia!” Hamdi alifoka. Hakuwahi kumfokea Rawya maishani mwake. Rawya ndiye aliyembeba, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Mwenyewe alishtuka. Akapunguza sauti, lakini maneno hakuyarudisha. “Yangu pia, dada. Na kila siku nikipanda ngazi hizi naomba niwakute mmelala.”

Akaondoka kumtafuta fundi wa vitambaa. Alirudi baada ya muda mikono mitupu. Msimu wa mahujaji, mafundi wote wamejaa kazi mpaka Jumamosi.

Rawya alikuwa na mita mbili za karatasi zilizobaki kwenye gombo. Alizitandaza, akaanza upya kabla jua halijazama. Aliandika maneno yaleyale kwa herufi fupi. Akachora meli ndogo na Kaaba. Watu hakuchora. Alijiambia ni kwa sababu ya nafasi.

Alhamisi asubuhi walikutana jikoni, maana jiko lilikuwa moja. Ibtisam alikuwa akichemsha supu ya fatta, ya kumwagia mkate na wali, Rawya akikoroga uji wa unga na siki wa kubandikia bango. Hawakutazamana. Sufuria ziligongana mara mbili.

“Bibi yangu aliwapa vyumba viwili,” Ibtisam alisema ghafla, akiitazama supu. “Kule kijijini. Vyumba viwili vyenye milango. Yeye miaka saba alilala ukumbini, ukuta kwa ukuta na nyati wao wa maziwa. Mpaka anakufa nguo zake zilinuka nyati. Na wewe kutwa treni, treni.”

“Sikumtaja bibi yako.”

“Humtaji mtu. Unatutaja wote.”

Rawya aliendelea kukoroga. Uji ulikuwa umeiva, lakini mkono haukusimama.

“Unaye shangazi anaitwa Samira,” alisema.

“Ninaye.”

“Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku moja tumetoka shule, akaja na wenzake watatu pale kwenye mfereji. Wakanishika. Samira akanivua viatu, vya kahawia, vya kamba mbili. Baba yangu alinunua mwezi mmoja kabla ya vita. Akavitupa majini. Akasema, ‘Haya, mhamishwa, vifuate mpaka kwenu.’ Nilitembea peku mwaka mzima.”

Ibtisam aligeuka akamtazama usoni. Kwa muda Rawya alidhani atasikia neno la pole, na akajiandaa kulikataa.

“Basi ndiyo hilo?” Ibtisam alisema. “Viatu? Umenila nyama miezi minane kwa ajili ya viatu vya shangazi yangu? Mimi sijazaliwa! Ningekuwa yeye, ningekutupa na wewe mwenyewe nikakamilisha kazi.”

Akabeba sufuria yake akatoka.

Bi Dawlat alifika adhuhuri ndani ya teksi yenye bendera nyeupe, amekonda, ngozi imeungua, mkononi amekumbatia dumu la Zamzam kama mtoto. Wanawake wa mtaa walipiga vigelegele kuanzia kona ya barabara. Alipandishwa ngazi huku akipigwa mabusu mpaka kilemba kikamtoka. Sebuleni walijaa watu thelathini au zaidi, sharbati ya waridi ikizunguka, na bango lilikuwa ukutani juu ya kochi kubwa, safi, limenyooka.

Walimkalisha chini yake. Alikunywa, akashukuru, akainua macho. Watu wakanyamaza, kwa sababu kila mtu wa mtaa alijua desturi: sasa Hajati atahesabu.

“Meli,” alisema. “Kaaba, Mungu aiongezee utukufu.” Kidole kikatembea hewani kikafika mwisho wa karatasi. “Watu wako wapi?”

“Karatasi haikutosha, mama,” Rawya alisema.

“Bango la hija ya marehemu jirani ulichora mpaka muuza kitunguu. Mimi nimerudi kwenye nyumba haina watu?”

Mtu mmoja alicheka, akakatisha. Hamdi aliangalia vidole vyake. Ndipo Ibtisam alipotoka jikoni. Alikuwa amebadilisha nguo, amefunga kilemba cha kijani, na mkononi alikuwa na kikombe cha uji wa kubandikia na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Akakikunjua. Alipanda juu ya kochi kwa shida, tumbo likitangulia, Mama Galal akimshika kiuno, akapaka uji kwa vidole, akabandika. Yule mwanamke mwenye kichwa cha tikiti akasimama karibu na Kaaba, vipande vyake viwili vimeunganishwa vibaya, mkato ukionekana waziwazi katikati ya tumbo.

“Yupo mmoja, mama,” Ibtisam alisema. “Alikuwa amedondoka.”

Rawya alihisi macho ya watu thelathini. Alichukua sinia la bilauri tupu akaenda nalo jikoni, akalifungulia maji, akasimama hapo mpaka yakafurika.

“Nani huyu kiboko?” alimsikia mama yake akiuliza sebuleni, na watu wakaangua kicheko, na Ibtisam akacheka nao.

Wageni walikwisha baada ya alasiri. Mama Galal alitaka kubaki. Bi Dawlat akamwambia, “Nenda kapumzike, mwenzangu,” kwa sauti ambayo mtu haibishii. Walibaki wanne. Mwanamke mzee alikuwa bado ameketi chini ya bango. Aliinua mkono akagusa ule mkato.

“Hii ni kazi ya mkasi,” alisema. “Karatasi haidondoki hivi. Rawya?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Mama, sababu unaijua. Wewe ndiye uliyekwenda kumtoa kule. Dunia nzima ina wasichana, wewe ukaenda kuchagua kule!”

“Nilikwenda kwenye nyumba iliyotulisha.”

“Ilikulisha wewe. Mimi nilivuliwa viatu.”

Hakuwahi kumwambia. Siku ile ya mfereji alirudi peku akasema amevipoteza akicheza, na mama yake alimpiga kwa mchi mbele ya ua mzima, kipigo ambacho hakupata kabla wala baada yake. Sasa alitegemea kuona mshangao katika uso ule ulioungua jua. Akafungua kinywa kueleza habari ya Samira.

“Vya kamba mbili,” Bi Dawlat alisema taratibu. “Najua. Nilikuwa ng'ambo ya mfereji, nafua.”

Hamdi aliinua kichwa.

“Uliona?” Rawya aliuliza.

“Niliona.”

“Uliona, ukarudi nyumbani ukanipiga?”

“Ningefanyaje?” Mwanamke mzee aliinua sauti. “Ningemkamata mtoto wa mwenye nyumba? Na usiku huo tulale wapi, mferejini na viatu vyako? Baba yako yuko chini ya mabomu, nina mtoto mchanga, kila tonge ni lao! Nilikupiga uani waone. Wajue kwamba kwangu kosa ni lako, si la mtoto wao. Baada ya pale Samira hakukugusa tena. Alikugusa?”

“Hapana.”

“Basi!”

“Basi,” Rawya alirudia. “Miaka thelathini. Hukuwahi kunivuta pembeni hata siku moja ukaniambia, mwanangu, niliona.”

“Nimemwomba Mungu msamaha. Arafa, jua la utosini, nililia kwa hilo. Waulize niliokuwa nao.”

“Ulimwomba Mungu. Kwani viatu vilikuwa vya Mungu?”

“Dada!” Hamdi alisema.

“Nyamaza wewe, ulikuwa mgongoni.” Hakumtazama. Alikuwa akimtazama mama yake, akingoja. Lilikuwa neno dogo, na Bi Dawlat alikuwa ametoka safari ambayo watu huomba msamaha mpaka kwa maadui zao. Alifumba mdomo. Shingo ilimkakamaa. Rawya aliijua shingo hiyo, kwa sababu na yeye alikuwa nayo.

“Nipeni maji,” Bi Dawlat alisema. “Nimechoka.”

Ibtisam ndiye aliyeleta maji. Alipompita Rawya alitazama chini.

Juma lililofuata Rawya alihamia chini, katika chumba cha nyuma ambamo baba yake alikuwa akiweka makopo yake ya rangi. Alipaka chokaa, akaingiza kitanda na jiko la mafuta la ndimi mbili. Hamdi alimsihi ngazini mara tatu, ya nne akambebea godoro. Bi Dawlat aliwaambia majirani kwamba binti yake amepandwa na wazimu wa wanawake wasioolewa. Walipokutana mlangoni, Rawya alisema, “Asalaam aleikum, mama,” mama akaitikia, na wakapishana.

Ibtisam hakumsemesha wiki sita. Mara moja alimwaga maji ya deki kutoka juu yakaangukia nguo za Rawya zilizoanikwa, na Rawya akazifua tena huku akiimba kwa sauti wimbo wa harusi wa Suez unaowacheka mabibi harusi wa mashambani. Kwa hiyo walikuwa sawasawa.

Kisha siku moja, mwisho wa Juni, alisikia hatua nzito zikishuka. Ibtisam alisimama mlangoni akishika kizingiti. Uso ulikuwa umemvimba, siku zake zilikuwa zimekaribia. Alikuwa ametoka kijijini kwao juzi, alikokwenda kupokea baraka za wazazi kabla ya kujifungua.

“Sikuja kukaa,” alisema.

“Kiti chenyewe kimoja.”

“Nilimuuliza shangazi Samira.”

Rawya alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua.

“Akasema hakumbuki. Akasema, ‘Kwani wahamishwa walikuwa na viatu?’ Akacheka. Nikamwambia vilikuwa vya kahawia, vya kamba mbili. Akaacha kucheka.” Ibtisam alihamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. “Kumbe anakumbuka. Nikamwambia asije kwenye siku ya saba ya mtoto. Baba kanuna, mdogo wake bibi kanuna, kila mtu kule kanuna. Nimetoka bila kuagwa.”

Rawya alisukuma sinia la mchele kando. Akaona kwamba hasira aliyozoea kuikuta mahali pake, kama mtu anavyokuta slipa zake chini ya kitanda, haikuwa pale. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa imehamia ghorofa ya juu, kwa mwanamke mzee na shingo yake.

“Nani kakutuma?” aliuliza.

“Hakuna. Na usidhani nimefanya kwa ajili yako. Samira mwenyewe simpendi tangu utoto. Alikuwa akinifinya.”

“Anafinya wapi?”

“Hapa, chini ya mkono.”

“Na mimi pia hapo.”

Walitazamana, na ikawa kama mmoja wao atacheka, lakini hakuna aliyecheka. Ibtisam akakunja mgongo, akafumba macho maumivu yakipita, akayafumbua.

“Hamdi anataka bango la mtoto,” alisema. “Mama amesema likichorwa na wewe, hatashuka wala hatalitazama.”

“Asilitazame.”

“Kwa hiyo unachora?”

“Watu sichori.”

“Nani kakuomba watu? Jina tu. Na wewe ndiye utakuja kulitundika, mimi kochini sipandi tena.”

“Utapanda. Ulipanda vizuri sana siku ile, mbele ya mtaa mzima.”

“Nilipanda kwa sababu ulinikata.”

“Nilikukata kwa sababu ulinichorea uchafu kwenye kazi yangu.”

“Paka alipata nafasi!” Ibtisam alipaza sauti, na ilikuwa wazi kwamba hilo angelifia. “Paka, Rawya!”

Hakusema wifi, wala dada. Rawya alisimama, akamsogezea kile kiti kimoja kwa mguu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, kikamgonga gotini.

“Kaa kabla hujazaa kwenye mchele wangu,” alisema.

Ibtisam akakaa, akisugua goti, akimtukana kwa sauti ya chini. Huko juu Bi Dawlat alikuwa akiita kwamba supu inaungua. Wote wawili walimsikia. Aliita tena, kwa majina yao, kwanza la mmoja na kisha la mwingine, na hakuna aliyeitika.